Kahawa ya Posa na Ndege ya Saa Mbili

Mambo yote yaliharibika Ijumaa ya tarehe tano Septemba, baina ya swala ya Alasiri na Magharibi, siku ambayo wanaume zaidi ya thelathini walipanda ngazi za nyumba yangu pale mtaa wa Hashmi kuja kumposa binti yangu Dima.

Kusema kweli hapakuwa na kitu cha kuharibika. Jibu lilikuwa linajulikana. Wanawake wa pande mbili walishakubaliana, mahari yameshasemwa, hata rangi ya mapazia wameshagombania. Kilichobaki ni heshima tu: mkuu wa msafara aketi, amiminiwe kahawa, akiweke kikombe chini bila kuionja, aseme hanywi mpaka apewe alichokijia. Nasi tumjibu, kunywa kahawa yako, umepata. Wanawake wapige vigelegele, kunafa, ule mkate mtamu wa jibini na shira, iletwe ikiwa ya moto, watu wale, waende zao.

Tatizo lilikuwa huyo mkuu wa msafara.

Bwana arusi, Qusai, baba yake alifariki zamani, na ami zake wanauza vipuri vya magari. Watu wema, mikono myeusi ya grisi, kama mimi. Lakini huku kwetu posa hupendeza ikiongozwa na mtu mzito, waziri mstaafu au jenerali au tajiri, ili mwenye binti aone haya kusema hapana. Basi wakaenda kumwomba mwajiri wa Qusai, ambaye ndiye mwajiri wa Dima vilevile: Basha Nizar, basha kwetu ni kama kusema mheshimiwa, mwenye kampuni ya Ghaima, ndege binafsi kumi na moja zinazolala Marka, uwanja wa ndege ninaouona kutoka dirishani kwangu.

Wangeniuliza mimi, ningewaambia waniletee muuza nyanya.

Basha namjua. Nilimwendeshea gari miaka tisa, yeye na wageni wake. Siku mke wangu Intisar alipozidiwa, nilikuwa nimeegesha Marka namsubiri mgeni ambaye ndege yake imechelewa. Nikapiga simu ofisini kuomba ruhusa. Wakaniambia, subiri, anakaribia kutua. Nikapiga tena. Wakaniambia, Abu Dima, vumilia kidogo. Mgeni akatua, nikamfikisha hotelini na mabegi yake, na nilipofika nyumbani Intisar alikuwa ameshafunikwa shuka. Kampuni ikatoa tangazo la rambirambi gazetini, jina la Ghaima likiwa kubwa kuliko langu. Niliacha kazi wiki ile ile. Sikupanga kumsamehe mtu, na sijamsamehe.

Sasa utauliza, binti yangu alifikaje kwao? Alifika kwa mshahara. Dima ni rubani, na shirika alilokuwa akirukia lilikuwa likimlipa pesa za kununulia mafuta ya gari na soksi. Ghaima wakamlipa maradufu. Wakampiga picha, wakaibandika barabara ya uwanja wa ndege, Dima wangu mkubwa kama nyumba, anacheka. Halafu wakampeleka kujifunza ndege yao mpya, wakamwambia gharama ya masomo itamfunga miaka mitatu, akiondoka kabla ailipe yote. Akatia saini. Nani asingetia? Tangu hapo Basha ananunua ndege kama watu wanavyonunua tikiti maji kandokando ya barabara, lakini marubani hanunui. Waliopo wanaruka mpaka wanachoka, wakichoka wanakimbilia Doha na Riyadh, na waliobaki wanaruka na sehemu ya waliokimbia. Siku zao za mapumziko kampuni inazinunua. Anayekataa kuuza hakumbukwi siku ya kupandishwa cheo.

Mtu aliyekuwa akimpigia Dima simu kuzinunua ni Qusai. Ndiye mpanga zamu. Na hapo ndipo mapenzi yalipoingilia.

Nilikuwa nikimsikia Dima kupitia ukuta. Mwanzoni alikuwa akijibu kwa ukali: "Nani tena? Nimelala saa mbili tu, ndugu yangu!" Baada ya miezi akawa anasema, "Haya, nakuja, lakini wewe umekula?" Siku moja nikamsikia anacheka, kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kujiziba mdomo. Nikajua binti yangu amekwenda. Nilipomwona huyo kijana mara ya kwanza, mwembamba, miwani, hajui aweke wapi mikono yake, nilitafuta sababu ya kumchukia nikakosa. Alimtazama Dima kama mtu anayetazama taa ya nyumba yake kutoka mbali.

Basi Ijumaa hiyo wakaja. Basha akaketi kati, suti ya kijivu, pete, tasbihi mkononi. Ami wa Qusai kulia, Qusai mwenyewe kushoto kwake, shingo imekabwa na tai. Upande wetu kaka yangu mkubwa, Abu Munif, ndiye msemaji. Kijana wa kukodi akamimina kahawa. Basha akapokea kikombe, akakiweka mezani polepole ili kila mtu aone. Watu wakanyamaza wamsikilize.

Simu yake ikatetemeka.

Akaitazama. Akamwinamia Qusai, akamnong'oneza sikioni. Niliona rangi ikimtoka kijana usoni. Akainuka, akasema kwa sauti ndogo, "Samahanini, wazee wangu," akaelekea ujiani. Basha akatabasamu, akaanza kumwuliza kaka yangu habari za afya na mizeituni ya mwaka huu, kama mtu aliye na siku nzima.

Nikakaa. Nikasikia dada yangu Fadwa anakohoa huko ndani, kikohozi kisicho cha ugonjwa. Nikainuka nikamfuata.

Jikoni, Fadwa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Bwana arusi jikoni kabla ya jibu!" akaninong'oneza. "Kaka, mwondoe huyu kabla majirani hawajatutungia nyimbo."

Dima alikuwa ameegemea jokofu. Kanzu nyeusi ya mama yake, tarizi nyekundu kifuani, wanja, nywele zimepangwa na mtu wa saluni. Mzuri mpaka moyo unauma. Lakini alikuwa ametua alfajiri kutoka Jidda, na mchana, alipokuwa akitengenezwa nywele, alisinzia kichwa kikaanguka mara tatu, yule wa saluni akawa anakiinua kama tikiti maji. Macho yalikuwa mekundu chini ya wanja.

"Jeneva, saa mbili usiku," Qusai alikuwa akisema. "Kapteni Hilmi yupo. Hana rubani msaidizi wa kukaa kulia kwake."

"Sanad?"

"Masaa yake ya kuruka yamekwisha."

"Wasim?"

"Wasim yuko Doha tangu Jumapili. Ameacha kazi. Hukusikia?"

"Ningesikia wapi? Mimi nasikia injini tu."

"Dima..."

"Ngoja. Leo umeniita kama nani? Kama mchumba wangu, au kama mpanga zamu?"

Qusai akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Sijakwambia uende," akasema. "Nimekwambia Basha ameuliza."

"Na alipouliza, ukamjibu nini?"

"Nilisema nitaangalia."

"Utaangalia nini, Qusai? Mimi si kiti cha ndege uangalie kama kiko wazi. Ungemwambia, Basha, huyo ndiye bibi arusi, uko nyumbani kwao, mwogope Mungu!"

"Punguza sauti, mwanangu," Fadwa akasema.

"Nimwambie hivyo mbele ya wazee?" Qusai akasema, na sauti yake ikapasuka. "Ainuke aondoke, kahawa ibaki mezani? Ami zangu watatembeaje mtaani? Na Jumapili, wiki ya kazi ikianza, niende ofisini kupanga zamu za nani? Ile nyumba ya Tabarbur tunailipa mimi na wewe, Dima, na mishahara yote miwili inatoka mkono ule ule. Na mwezi huu wanachagua kapteni mpya. Unajua jina la nani liko juu."

"Najua. Linakaa juu nikiruka, linashuka nikilala."

Wakatazamana. Mtu asiyewajua angedhani wanachukiana. Niliona mkono wa kijana ukitoka kwenda shavuni kwake, ukasita hewani, ukarudi mfukoni, kwa sababu mimi nilikuwepo. Na Dima aliona ukisita, macho yakamlegea kidogo.

Halafu akauliza, taratibu, "Jumanne, Larnaka. Nilikaa hotelini toka asubuhi mpaka usiku, sare mwilini, viatu miguuni, namsubiri tajiri amalize kuogelea. Kwenye zamu zako siku ile umeiitaje?"

Qusai akatazama sakafu.

"Niambie."

"Mapumziko."

"Nani alikwambia uiite mapumziko?"

"Unamjua."

"Kwa hiyo kwako nimepumzika Jumanne, na leo niko safi. Na kwangu hii ni siku ya nane naamka na sare. Sheria inasema siku saba zikiisha mtu alale kwake siku nzima, hata akipewa dhahabu. Sheria hiyo ulinifundisha wewe, kwenye simu, ukinibembeleza nisilie."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya arusi?"

Mimi hapo nilikuwa nimeshashika mlango nirudi barazani, na Dima akaniona. Akanifuata ujiani, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Baba, usiseme kitu."

"Binti yangu, unalala umesimama."

"Nitakunywa kahawa mbili. Hilmi ni mtu mzima, ataruka yeye, mimi nitasoma vipimo vyake tu. Kesho nitakuwa nimerudi. Waambie kunywa kahawa yako, vigelegele vipigwe, mimi nitatokea mlango wa nyuma. Naomba, baba. Leo tu."

"Na huyo?"

Akageuka, akamtazama Qusai aliyekuwa amesimama jikoni kama mtoto aliyevunja sahani, Fadwa akimfukuza kwa mwiko: "Rudi barazani, wewe! Bwana arusi gani huyu, kama mwizi wa kunafa?"

"Mwoga," Dima akasema. "Lakini nampenda, baba. Nisamehe, nampenda hivyo hivyo."

Niliogopa nikifungua mdomo nitatoa mengine.

Nikarudi nikakaa. Qusai akarudi nyuma yangu, akamnong'oneza Basha, Basha akaitikia kwa kichwa, akapiga ujumbe kwenye simu kwa kidole gumba. Nikajua anaandika nini. Ameshampa mgeni wake rubani. Binti yangu ameshauzwa mara mbili kabla hajaposwa mara moja.

Basha akaiweka simu, akakohoa, akaanza. Anajua kusema, sikatai. Akamsifu Mungu, akamswalia Mtume, akataja ukoo wetu na ukoo wao, akasema Qusai ni kama mwanawe na Dima ni kama binti yake, wote wamekulia mikononi mwake. "Na mimi, jamaa zangu," akamalizia, "kahawa hii siionji mpaka mnipe lulu niliyoijia."

Kaka yangu Abu Munif akajisafisha koo. Uso umejaa furaha. Maneno ya jibu alikuwa ameyakariri toka Jumatano.

"Basha," mimi nikasema, "kahawa yako isubiri kidogo."

Abu Munif akanigeukia kama nimempiga teke. Mtu mmoja nyuma akasema, "La haula."

"Nina neno moja," nikasema. "Basha, binti yangu umekuja kumtaka kwa ajili ya kijana huyu, au kwa ajili ya safari ya saa mbili?"

Tasbihi ya Basha ikasimama.

"Abu Dima," akasema kwa upole. "Baina yetu kuna mkate na chumvi. Leo ni siku ya furaha. Mambo ya kazi tutayazungumza ofisini."

"Ofisini nilishazungumza. Niliambiwa nisubiri, mgeni anakaribia kutua."

Alielewa. Nilimwona anaelewa, kwa sababu aliangalia mahali pengine kwa mara ya kwanza.

"Mungu amrehemu," akasema.

"Amin. Sasa nisikilize. Siku hii tunakupa ulichokijia, lakini kwa sharti, na desturi inaniruhusu. Binti yangu hanunuliwi siku yake ya kulala. Wewe una pesa za kununua ndege, nunua na watu wa kuzirusha. Waajiri, walipe vizuri wasikukimbie. Sema ndiyo mbele ya wanaume hawa, unywe kahawa yako."

"Nayef!" kaka yangu akaniita kwa jina langu, jambo analofanya akiwa na hasira kweli. "Tumekaa hapa kupanga mishahara?"

Ami wa Qusai, yule mkubwa, akasema, "Abu Dima, usitufedheheshe. Tumekuja kwa heshima."

"Kwenu sina neno, Abu Haitham. Ninyi mngekuja peke yenu, mngeshakula."

Mtu akacheka, akajizuia.

Basha akainua mkono, wakatulia. Ana kipaji hicho, mtu huyu, cha kukufanya uonekane mpumbavu kwa wema wake.

"Mimi sikasiriki," akasema. "Ni baba, ana uchungu. Nami nitamjibu kama baba. Jamaa, shuhudieni: Dima anakuwa kapteni wa Ghaima kuanzia mwezi ujao. Msichana wa kwanza kukaa kiti cha kushoto katika kampuni yangu, na mshahara wake nausogeza juu. Hiyo ni zawadi yangu ya arusi." Wanaume wakaanza kunong'ona kwa kuridhika, wengine wakimwombea heri. Basha akasubiri wamalize. "Nami naomba kitu kidogo tu, anisaidie usiku huu, maana mgeni ni mtu mkubwa. Kuhusu kulala, Abu Dima, umedanganywa. Binti yetu amepumzika. Jumanne nzima alikuwa Larnaka, hoteli ya ufukweni, kwa gharama zangu. Mimi mwenyewe sijapata siku kama hiyo mwaka huu!"

Watu wakacheka. Hata kaka yangu.

"Alikuwa amevaa sare," nikasema.

"Nani kakwambia? Hapa tunaye anayejua." Akaweka kiganja chake kwenye goti la Qusai, kwa mapenzi. "Kijana wangu huyu ndiye anayepanga zamu zote. Hajawahi kukosea hata saa moja. Sema, mwanangu, mtoe baba mkwe wako wasiwasi. Sema tumalize, kahawa inapoa."

Wanaume zaidi ya thelathini wakamgeukia Qusai.

Nilimtazama na mimi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ami zake walikuwa wakimtazama kwa macho ya kumsihi, sema neno moja tu, kijana, sema ndiyo. Kiganja cha Basha hakikutoka gotini. Akafungua mdomo.

Mlango wa ujiani ukafunguka.

Kwetu bibi arusi haingii kwenye kikao cha posa. Sijawahi kuona, na baba yangu hakuwahi kuona. Dima aliingia. Alikuwa ameshavua kanzu ya mama yake; alikuwa na shati jeupe, mistari ya dhahabu mabegani, nywele za saluni zimefungwa nyuma kwa haraka, na wanja bado machoni. Nyuma yake Fadwa alikuwa amejishika kichwa. Baadhi ya wazee wakainamisha macho kwa heshima. Abu Munif akasema, "Rudi ndani, binti," lakini hakuna aliyemsikia, maana sisi sote tulikuwa tunamtazama yeye akimtazama Qusai.

Hakunitazama mimi. Nilikuwa nimevunja ombi lake, na nilijua tutalipana baadaye.

"Asalaam alaikum, ami zangu," akasema. "Nisameheni. Basha, sikuja kukataa safari. Begi langu liko mlangoni. Nilikuwa nishaamua kwenda, tena bila mtu kujua."

"Ndiyo binti yangu huyo!" Basha akasema.

"Lakini umemwuliza Qusai swali, na mimi nataka kusikia jibu nikiwa hapa. Kesho na kesho kutwa ndiye atakayeniambia kama nimechoka au sijachoka. Ndiye atakayejua niko wapi. Nikipata watoto, ndiye atakayewaambia mama yao atarudi lini." Sauti ikamtetemeka, akaishika. "Kwa hiyo usimjibu Basha, Qusai. Usimjibu baba. Nijibu mimi."

Qusai akasimama. Kiganja cha Basha kikaanguka kutoka gotini mwake. Miwani ilikuwa imemteremka puani, hakuisogeza. Walikuwa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake, na baina yao meza, na pande zote mbili za meza watu wao wote duniani. Sijawahi kuona watu wawili wakitazamana hivyo, Qusai akimwomba amwepushe, na Dima akimwomba asiepuke.

"Mpenzi wangu," Dima akasema, mbele ya baba zake wote, neno ambalo mimi na mama yake hatukuwahi kuambiana hata tukiwa peke yetu, "Jumanne ile, Larnaka, nilikuwa napumzika au nilikuwa kazini?"